Maswali na Majibu: Minyoo wa Kulisha Samaki wa Mapambo

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja. Wafugaji wamechoka kuwapa samaki wao chakula cha punje asubuhi na jioni, wanataka kuwaonjesha minyoo, ila hawajui waanzie wapi na waogope nini. Nimechagua barua sita. Wengi wananiuliza ni mnyoo wa aina gani aliye salama, nami nawaomba watangulize swali jingine, yaani mnyoo huyo amekulia wapi, kwa sababu mnyoo hula mahali anapoishi, na samaki anapommeza huwa ameyameza na yale yaliyokuwa tumboni mwake. Baada ya hapo ndipo tuulize kama samaki mwenyewe aliumbwa kula minyoo.

Nina tangi la lita 80 hapa Tabata, Dar es Salaam, lenye gapi na samaki wa dhahabu. Kijana mmoja huniletea minyoo wembamba wekundu waliosokotana, anaowachimba kwenye tope la mfereji unaomwaga maji Mto Msimbazi. Samaki waliwashangilia, lakini wiki ya pili walianza kufa mmoja mmoja na maji yakanuka. Je, ni minyoo waliowaua? Na je, nikiwaosha vizuri naweza kuendelea kuwatumia?
*Mfugaji wa Tabata*

Ndugu yangu, kwa maelezo yako hao ni tubifeksi au jamaa zao wa karibu. Wekundu wao unatokana na himoglobini, jamaa ya ile iliyomo katika damu yetu, na ndiyo inayowawezesha kuishi mahali penye oksijeni kidogo mno. Ndiyo sababu hustawi kwenye tope la maji machafu ambako viumbe wengine wamekwisha kushindwa. Mnyoo huyu huzika kichwa topeni, akala humohumo, na kuuacha mkia ukipepea juu ili upate hewa. Kila kilichomo katika tope hilo, kiwe kinyesi kutoka vyooni, mafuta ya gereji au metali nzito kama risasi, hupita katika mwili wake, na baadhi yake hubaki humo. Mto Msimbazi hupokea majitaka ya majumbani na ya viwandani kuanzia huko juu upande wa Pugu hadi unapoingia baharini karibu na Daraja la Salenda, na mfereji unaoumwagia maji hauwezi kuwa shamba la chakula, hata kama mlaji ni gapi.

Kuhusu kilichowaua samaki wako, harufu uliyoitaja inanipa jibu la kwanza. Samaki hawali minyoo wote unaowatia. Wale wanaobaki huingia chini ya changarawe, na kwa kuwa tangi lako halina tope la kuwalisha, hufa huko na kuoza. Chukua kijiti, ufukue changarawe kwenye kona za tangi, na bila shaka utakuta vishada vilivyokuwa vyekundu vimegeuka kijivu na kulainika. Mwozo huo huzalisha amonia, nayo amonia huunguza matamvua ya samaki hata pale maji yanapoonekana meupe kabisa. Juu ya hayo kuna bakteria walioingia pamoja na minyoo, ambao hupata nafasi nzuri kwa samaki aliyekwisha kudhoofishwa na amonia. Metali nzito huua polepole zaidi, kwa hiyo sidhani kwamba ndizo zilizomaliza samaki wako ndani ya wiki mbili, lakini zingewafikia tu kama ungeendelea.

Sasa tuje kwenye kuosha. Njia inayofaa ni kuwaweka minyoo kwenye trei isiyo na kina, maji ya baridi yakidondoka juu yao mfululizo kwa siku kadhaa, huku ukikitawanya kishada mara kwa mara kwa mkondo wa maji. Minyoo hai hujikusanya tena baada ya muda mfupi. Wasiojikusanya wamekufa, na huondolewa hapo hapo. Wakikaa hivyo bila kulishwa, matumbo yao husafika. Hata hivyo, kuosha huko hakuondoi metali iliyokwisha kuingia katika nyama ya mnyoo, na, tuseme ukweli, katika mji ambao wengi wetu tunanunua maji kwa madumu, ni nani atakayeacha bomba lidondoke wiki nzima kwa ajili ya minyoo ya shilingi elfu moja? Ushauri wangu ni kuachana nao kabisa. Vipande vya tubifeksi waliokaushwa vinavyouzwa madukani vina nafuu kwa upande wa vimelea, kwa kuwa vingi hufa katika ukaushaji, lakini metali haikauki ikaondoka, kwa hiyo nunua tu vile vilivyofungwa kiwandani na vyenye jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi, na uvitoe kwa nadra.

Kwa leo, acha kulisha kwa siku mbili. Fyonza changarawe kwa mpira hadi ikome kutoa uchafu, na badilisha robo ya maji kila siku kwa siku nne au tano, ukitumia maji yaliyoondolewa klorini. Usimwage maji yote kwa pamoja, kwa maana utawashtua samaki waliobaki.

Nina neno pia kwa kijana wako. Anayetia mikono mitupu katika mfereji wa namna hiyo, hasa akiwa na mchubuko, anajiweka katika hatari ya homa ya mgunda, ambayo Watanzania wengi waliisikia kwa jina hilo mwaka 2022 ilipozuka mkoani Lindi, na ambayo huenezwa na maji yaliyochanganyika na mkojo wa panya na wanyama wengine. Mnunulie glavu za mpira, au, bora zaidi, mpatie kazi ya kukufugia minyoo safi kwa njia nitakayoieleza katika jibu la Likoni hapa chini.

Tunaishi Kibosho, Moshi, na wakati wa masika nyungunyungu wamejaa kihambani. Mume wangu anasema wale wa kwenye mboji ndio wanono zaidi. Nina oska wawili wenye urefu wa kiganja na kambale mdogo wa mapambo. Niwachimbe wapi, na niwape wazima au waliokatwa?
*Mama wa Kibosho*

Mama, kwa samaki wanaokula nyama, na hasa wenye vinywa vikubwa kama oska wako, sina chakula cha minyoo ninachokipenda kuliko nyungunyungu. Zaidi ya nusu ya uzito wake akishakauka ni protini, anaishi ardhini na si majini, na kwa sababu hiyo habebi vimelea vingi vya samaki vinavyotoka mabwawani. Anapatikana bure, na samaki aliyekataa kila kitu kwa wiki nzima mara nyingi hufungua kinywa kwa ajili yake.

Ninachokuzuia ni udongo wa kahawa. Miaka mingi wakulima wa Kilimanjaro wamepulizia mibuni dawa zenye shaba ili kuzuia chulebuni na kutu ya majani, na mpaka leo ukipita katika mashamba mengine utaona ukungu wa buluu umegandia kwenye majani na mashina. Shaba hiyo hudondoka pamoja na mvua, hukaa ardhini miaka na miaka, na nyungunyungu huila pamoja na udongo. Kwa samaki, shaba ni sumu hata ikiwa kidogo, na huwa kali zaidi katika maji laini kama yale yanayoshuka kutoka mlimani kwenu. Ningekuambia uchimbe chini ya migomba, lakini katika kihamba migomba na mibuni huishi pamoja, kwa hiyo agizo hilo lisingekusaidia. Tafuta kitalu cha mboga ambacho wewe mwenyewe unajua hakijawahi kupuliziwa, au tenga pipa lenye udongo wa msituni na majani makavu, uwafuge humo. Samadi ya ng'ombe unaweza kuichanganya, mradi isiwe ya ng'ombe aliyepewa dawa ya minyoo au kuogeshwa dawa ya kupe katika wiki za karibuni, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hutoka na kinyesi zikiwa bado na nguvu.

Mume wako ana haki kuhusu unono, ila wanaokaa kwenye mboji si wa aina ile ile. Mtazame kwa karibu mmoja wao: ni mwembamba, mwekundu, ana pete za manjano iliyopauka hasa upande wa mkia, na ukimbana kidogo hutoa majimaji ya manjano yenye harufu kali. Majimaji hayo ndiyo silaha yake. Samaki wengi humkamata, humtema, kisha husita kula nyungunyungu mwingine yeyote kwa siku kadhaa, na kwa samaki wadogo majimaji hayo yanaweza kudhuru. Waachie mboji kazi yao. Wewe chagua wale wakubwa wenye rangi ya kahawia au zambarau iliyofifia, wasiotoa harufu.

Kabla ya kuwalisha samaki, waweke minyoo katika kopo lenye matundu madogo juu, ndani ukitandika karatasi ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa. Asubuhi utakuta vijirundo vyeusi vya udongo waliokunya. Badilisha karatasi, uwaache tena mpaka vijirundo hivyo vikome, jambo ambalo huchukua siku moja hadi mbili. Mnyoo aliyesafika huonekana kwa macho: ule mstari mweusi unaopita katikati ya mwili wake hupotea. Hapo msuuze kwa maji safi.

Oska wa kiganja anaweza kummeza mnyoo mzima wa wastani. Kwa kambale, mkate vipande visivyozidi upana wa kinywa chake, na tumia mkasi uliotengwa kwa kazi hiyo tu. Kipande kisichokwisha kuliwa ndani ya dakika tano kitoe, maana mnyoo aliyekatwa huchafua maji upesi. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Siku nyingine warudishie chakula cha punje, la sivyo oska, ambao ni wajanja na wenye kiburi, watagoma kula kitu kingine.

Nipo Kigoma, nina tangi la samaki wa miambani aina ya Tropheus kumi na wawili. Shemeji yangu ameniletea kutoka Dar es Salaam pakiti ya minyoo wekundu waliogandishwa. Baada ya siku chache wawili wamevimba tumbo, wanachukua chakula na kukitema, na kinyesi chao ni cheupe kama kamasi. Pakiti ilitoka dukani na imefungwa vizuri. Tatizo ni nini?
*Msomaji wa Kigoma*

Tatizo, ndugu, ni kwamba umempa mla majani karamu ya nyama. Mtazame Tropheus ziwani, nawe uko karibu nalo kuliko wasomaji wetu wengi: anashinda kwenye miamba ya maji mafupi yenye jua, akigugunaguguna mwani uliotanda juu ya mawe kuanzia asubuhi hadi jioni. Utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, kwa sababu chakula cha majani humeng'enywa polepole. Protini nyingi na mafuta vinapoingia katika utumbo wa namna hiyo hukaa muda mrefu kupita kiasi, vijidudu vilivyokuwa vikiishi humo kwa utulivu huongezeka, na ndipo unapoona uvimbe, kutema chakula na hicho kinyesi cheupe. Wafugaji wa Ulaya na Marekani, ambao wamekuwa wakiwanunua samaki wa Ziwa Tanganyika kutoka Burundi, Tanzania na Zambia kwa miongo mingi, wanauogopa ugonjwa huu kuliko mwingine wowote kwa Tropheus, kwa sababu unaweza kulimaliza kundi zima. Msongamano na ugomvi huuharakisha.

Acha kulisha kwa siku tatu. Watenge hao wawili ikiwa una chombo kingine chenye hewa, badilisha theluthi ya maji ya tangi kubwa, na kama baada ya hapo wanaendelea kukataa chakula, mwone daktari wa mifugo kuhusu metronidazo, dawa ambayo wafugaji wengi huitumia kwa maradhi haya. Usikisie kipimo mwenyewe. Watakaopona waanzie kwa chakula chenye spirulina, yaani mwani uliokaushwa, na mchicha uliochemshwa kidogo bila chumvi. Minyoo wekundu wasiwaguse tena, wawe wametoka duka la namna gani.

Pakiti yenyewe usiitupe kama una samaki wengine. Hao kwa hakika si minyoo. Ni mabuu wa wadudu wadogo wasiouma wanaofanana na mbu, wa jamii iliyomo pia katika mawingu ya wadudu yanayoinuka juu ya Ziwa Viktoria. Katika ziwa lenu wako samaki wanaokula viumbe wadogo kwa asili, kama Julidochromis, Altolamprologus na wale wadogo wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, ambao wataweza kuwala mara moja au mbili kwa wiki bila madhara. Kwa mbuna wa Ziwa Nyasa wanaokwangua mwani kwenye mawe, nawapa onyo lile lile nililokupa kuhusu Tropheus.

Kuhusu chakula kilichogandishwa, kufungwa vizuri hakutoshi, maana safari ya kutoka Dar es Salaam ni ndefu na umeme una mambo yake. Angalia vijumba vya pakiti: kila kipande kinapaswa kuwa na kingo zake nne na mabuu waonekane mmoja mmoja. Ukikuta kipande kimejaa upande mmoja na kupungua mwingine, na majimaji mekundu yameganda chini yake, ujue kiliyeyuka kikagandishwa tena, na bakteria walipata muda wao katikati. Hicho ni cha kutupa. Yeyusha kiasi cha mlo mmoja katika kikombe cha maji ya tangi, mwaga majimaji kupitia chujio, ndipo uwape samaki mabuu peke yao.

Mwisho, mabuu hawa wamewaletea watu wengi mzio, hasa wale waliokaushwa ambao hutoa vumbi ukifungua kopo. Ukianza kuwashwa macho, kupiga chafya au kubanwa na kifua kila unapolisha samaki, usitafute sababu mbali. Mwenye pumu asiwashike kabisa.

Shikamoo. Nina umri wa miaka 16, naishi Likoni, Mombasa. Beta wangu ametaga na vifaranga wameanza kuogelea. Nimesikia kuna minyoo wadogo sana wanaofugwa ndani ya uji. Je, ni kweli, na je, ni salama?
*Kijana wa Likoni*

Marahaba, mwanangu. Ni kweli, na ni salama kuliko chochote utakachochota mtaroni, kwa sababu tangu wanazaliwa hawajawahi kukutana na samaki wala maji machafu. Ni minyoo wa mviringo wenye urefu wa milimita moja au mbili, na kwa kuwa ni wembamba mno, kifaranga wa beta wa siku chache anaweza kuwameza.

Kwanza upate mbegu, yaani kijiko cha uji wenye minyoo hai kutoka kwa mfugaji mwingine. Hawajizalishi kutoka hewani. Pika uji mzito wa oti, au wa sembe ukikosa oti, bila chumvi, sukari wala maziwa. Uache upoe kabisa, kisha uutandaze katika kopo la aiskrimu lenye kifuniko, kina chake kiwe kama sentimita mbili. Nyunyiza hamira kidogo juu, weka mbegu katikati, toboa kifuniko matundu na uyazibe kwa kitambaa ili nzi wasiingie. Baada ya siku tatu hadi tano inamisha kopo dhidi ya mwanga: uso wa uji utaonekana unatetema, na kwenye kuta za kopo minyoo watakuwa wamepanda kwa michirizi inayomeremeta. Wafute kwa kidole safi kutoka ukutani, usiuguse uji, kisha kitikise kidole katika kikombe cha maji na uwadondoshee vifaranga kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku.

Joto la Mombasa litaufanya uji uchachuke mapema. Harufu ya chachu kama ya mkate ni ya kawaida. Ikigeuka kuwa ya kuoza, au uji ukawa maji matupu, au ukungu wa kijani ukatokea, usiwape samaki. Kwa hiyo, kila baada ya wiki mbili anzisha kopo jipya kwa kijiko cha kopo la zamani, na siku zote uwe na makopo mawili.

Kasoro ya minyoo hawa ni kwamba huzama, na hufa ndani ya siku moja hivi. Kwa vifaranga wanaokaa karibu na uso wa maji nawapendelea minyoo wa siki, ambao huogelea na huishi ndani ya tangi siku kadhaa. Hao hufugwa katika siki ya tufaha iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, pamoja na kipande cha tufaha. Kuwavuna bila kuwamwagia samaki siki kuna ufundi mzuri: jaza mchanganyiko katika chupa yenye shingo ndefu mpaka mwanzo wa shingo, sokomeza pamba, kisha ongeza maji safi juu ya pamba. Minyoo wanaotafuta hewa hupenya pamba na kukusanyika katika maji yale safi, na siku inayofuata unawanyonya kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Usiwape vifaranga aina moja ya mnyoo tu mpaka wakakua. Mara watakapoweza kumeza vifaranga wa uduvi wa chumvi, wachanganyie.

Beta wakiwa wakubwa, utaweza kufuga minyoo wa Grindal, walioitwa hivyo kwa jina la mfugaji wa Sweden aliyewafuga mwishoni mwa miaka ya 1940. Wana urefu wa sentimita moja hivi na huvumilia joto la pwani wakiwekwa kivulini. Tumia makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, ukayachemsha kwanza ili kuua utitiri, uyakamue, na uwalishe kiasi cha oti ya unga wanachoweza kukimaliza kwa siku moja. Ndugu zao wakubwa, minyoo weupe, usihangaike nao: wanataka ubaridi wa chini ya nyuzi 20, na hao ni wa Limuru, Lushoto au Njombe. Wote wawili wana mafuta mengi, kwa hiyo wape samaki mara mbili kwa wiki tu.

Ninafundisha shule ya msingi mjini Kisumu na darasani tuna tangi la gapi. Wanafunzi walileta vidudu vya maji kutoka kidimbwi cha jirani wakawalisha. Sasa gapi kadhaa wana nyuzi nyekundu zinazochungulia sehemu ya haja. Mwenzangu anasema ni chakula ambacho hakikumeng'enywa. Wazazi wanauliza kama watoto wataambukizwa.
*Mwalimu wa Kisumu*

Mwalimu, jaribu kukaa kimya mbele ya tangi mpaka gapi mmoja atulie. Kama nyuzi zinachungulia anapotulia na kuingia ndani anapotikisika, hicho si chakula. Ni Camallanus, mnyoo wa utumboni mwa samaki. Viluwiluwi vyake husafirishwa na kopepodi, vidudu vidogo vyenye doa moja la jicho wanaokwenda kwa kurukaruka majini, na bila shaka walikuwamo katika kile kidimbwi. Watoto hawataambukizwa, kwa maana kimelea hiki ni cha samaki.

Dawa inayofanya kazi ni levamiso, na inapatikana katika maduka ya agroveti. Kuwa mwangalifu na kibandiko, kwa sababu dawa nyingi za ng'ombe na mbuzi zina levamiso iliyochanganywa na dawa ya pili ya minyoo ya ini, na mchanganyiko huo haufai kutiwa tangini. Taka ile yenye levamiso peke yake, na mwombe ofisa wa mifugo au wa uvuvi akupimie kiasi kwa ujazo wa tangi lenu. Dawa hiyo hupooza minyoo bila kuwaua wote, kwa hiyo siku inayofuata fyonza sakafu ya tangi yote na ubadilishe maji mengi, kisha rudia baada ya wiki mbili au tatu ili kuwakuta wale waliokuwa bado wachanga.

Wazazi wana jambo jingine la kuhofia ambalo hawakuliuliza, nalo ni kichocho. Mtoto anayeingia kwenye kidimbwi kando ya Ziwa Viktoria ili kuchota vidudu anaweza kuambukizwa kupitia ngozi kwa dakika chache tu, na konokono wanaobeba ugonjwa huo wanaweza kuletwa darasani wakiwa wameng'ang'ania majani ya maji. Piga marufuku safari hizo. Kama watoto waliingia majini, waambie wazazi wawapeleke kituo cha afya wakapimwe.

Je, viluwiluwi wa mbu na funza wa nzi nao ni chakula salama? Kwangu Kinondoni wapo bure.
*Baba wa Kinondoni*

Viluwiluwi wa mbu ni chakula kizuri sana kwa samaki na ni balaa kwa majirani zako. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wanaoieneza huzaliana katika vyombo vidogo vya maji kama vile vinavyoachwa nyuma ya nyumba. Kwenye joto letu, yai linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku saba hadi kumi. Ukiwakuta katika ndoo ya maji ya mvua, wachuje wote siku hiyo hiyo, uwasuuze, uwape samaki na uikaushe ndoo. Kuwatega kwa makusudi sikushauri, na wa kwenye shimo la choo au mtaro usiwaguse.

Funza wa nzi waliotoka jalalani au kwenye mzoga ni marufuku kabisa. Ukitaka funza, nunua wale wa nzi chuma kutoka kwa wafugaji wanaowalisha mabaki ya mboga na matunda, wanaouzwa wakiwa wakavu kwa ajili ya kuku. Wana mafuta mengi na ngozi ngumu, kwa hiyo waloweshe kwa robo saa, uwakate, na uwape samaki wakubwa tu, mara moja kwa wiki.